Rafiki yako Mnepali kaumia na hana hela: jinsi ya kumtafutia matibabu, pa kulala na mazoezi ya viungo bure huko kwao

Wengi wetu tunaofanya kazi huku Ghuba, iwe Doha, Dubai au Kuwait, tunalala chumba kimoja na Wanepali, kazi moja, basi moja la kampuni alfajiri, yani mtu unamjua mpaka majina ya watoto wake. Sasa ikija simu kwamba baba yake kaanguka toka juu ya mti akikata majani ya mifugo, au yeye mwenyewe kaumia mgongo saiti na kampuni imemrudisha kwao, tunachofanya fasta ni kuchangishana. Mchango ni mzuri ila ukitumwa kichwakichwa unaishia kwenye nauli na lodge ya Kathmandu kabla mgonjwa hajaonwa hata na daktari bingwa. Matibabu ya bure au ya karibu na bure Nepal yapo mengi tu, ya serikali na ya mashirika, shida ni kwamba watu wa milimani hawajui waanzie wapi, alafu kinachomshinda maskini mara nyingi sio operesheni, ni pa kulala. Mionzi ya saratani inaweza kuchukua wiki tano sita, karibu kila siku anatakiwa awepo. Mtoto wa mguu kifundo, yani mguu uliopinda toka kuzaliwa, anabadilishiwa plasta kila wiki. Mtu wa uti wa mgongo anakaa miezi. Huyo ndugu anayemuuguza muda wote huo nani anamlipia chumba na wali?

Kwa hiyo hapa nimepanga njia yenyewe kama mtu anavyotakiwa aifuate, soma na rafiki yako ili naye awaeleze nyumbani. Viwango vya hela serikali yao huwa inavibadilisha, hivyo athibitishe kwanza kwenye ofisi ya kata yake ndo avitegemee.

Asipande basi kabla ya kupata barua

Hapa ndo watu wengi wanapokwama. Tangu katiba yao ya 2015 Nepal ina serikali za mitaa 753, kila moja imegawanywa kwenye kata, na ofisi ya kata ndo inatoa barua wanayoiita sifaris. Ukiijua ile barua ya serikali ya mtaa kwetu Tanzania umeshaielewa, inasema fulani ni mkazi wa hapa, hali yake ni duni, anaumwa hiki na hiki, asaidiwe. Milango mingi ya bure nitakayoitaja huko chini inauliza hiyo barua. Sasa fikiria mtu katoka Humla au Jumla, wilaya za milimani mkoa wa Karnali, kafika Kathmandu kachoka, hela ya safari kakopa, anaambiwa rudi kalete barua. Ndo mwanzo wa kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo kabla ya safari akusanye cheti cha uraia, wenyewe wanaita nagarikta, cha mgonjwa na cha anayeuguza. Mtoto cheti cha kuzaliwa na nagarikta ya mzazi. Barua ya daktari wa hospitali ya karibu inayotaja ugonjwa kwa jina. Picha za pasipoti kadhaa, na fotokopi za kila kitu, nyingi, maana kila dirisha linabaki na yake. Barua ya kata ikiandikwa aombe wataje ugonjwa uleule kama daktari alivyouandika, wasiandike tu "mgonjwa" wakaishia hapo. Kuna wazee na akina mama wengi vijijini ambao hawana nagarikta kabisa, hao waanze na hilo siku hiyohiyo palepale kwenye kata, na kama ni dharura mgonjwa atangulie hospitali ndugu mwingine abaki anafuatilia karatasi.

Ukitumiwa picha ya hizo karatasi usishtuke kuona tarehe ya 2082. Kalenda yao, Bikram Sambat, iko mbele ya yetu kwa miaka 56 na miezi kama nane, 2082 yao ilianza katikati ya Aprili 2025. Alafu siku yao kuu ya mapumziko ni Jumamosi, asipange kufika ofisini siku hiyo. Na kipindi cha Dashain, sikukuu yao kubwa, kati ya Septemba na Oktoba, ofisi zinafungwa siku nyingi, mabasi yanajaa, kama ugonjwa sio wa haraka asipange safari kipindi hicho, atakaa mjini anakula hela bila kuhudumiwa.

Ugonjwa gani, mfuko gani

Serikali yao ina programu ya wananchi wasiojiweza, inaitwa Bipanna Nagarik. Magonjwa yanayoingia humo ni makubwa yale: saratani, moyo, figo, majeraha ya kichwa, majeraha ya uti wa mgongo, Parkinson, Alzheimer na selimundu. Ndio, selimundu hiihii tunayoijua sisi, kule inawasumbua sana watu wa kabila la Tharu kwenye tambarare za magharibi. Kiwango kilichozoeleka ni msaada wa hadi rupia 100,000 kwa mgonjwa, na haziji mkononi, zinaingia kwenye hesabu ya hospitali ambayo iko kwenye orodha ya serikali. Karatasi ya kata inapita kwanza kwenye halmashauri yake, ikiidhinishwa ndo anaandikiwa hospitali. Wa figo wao usafishaji wa damu ni bure, na upandikizaji una fungu lake pia.

Hapo kwenye figo nisimame kidogo. Kusafisha ni bure, lakini unasafisha mara mbili kwa wiki mpaka mwisho wa maisha au mpaka upate figo, na familia nyingi zimehamia mjini moja kwa moja kwa ajili hiyo, zimepanga chumba, mume kaacha shamba. Mashine siku hizi hazipo Kathmandu tu, zimesambaa kwenye hospitali nyingi za mikoani, kwa hiyo swali la kwanza la mgonjwa wa figo liwe "mashine ya karibu na kwangu iko wapi na foleni yake ikoje", hata kama kwa kuanzia itabidi aende mjini alafu aombe kuhamishwa.

Kuna na bima ya afya ya serikali. Familia ya watu watano mchango uliozoeleka ni rupia 3,500 kwa mwaka, kwa riyali za Qatar haifiki hata mia, na inafunika matibabu ya hadi rupia 100,000. Walioorodheshwa kama maskini wa kupindukia na wazee wa miaka 70 kwenda juu wanaingizwa bure. Ila bima ina utaratibu, unaanzia kituo chako ulichoandikishwa ndo unapewa rufaa, ukiruka ukaenda moja kwa moja hospitali kubwa hailipi. Pia mfuko wenyewe umekuwa ukichelewa kuwalipa hospitali, kwa hiyo apige simu aulize kama hospitali anayokwenda bado inaipokea. Kiukweli rafiki yako aliye huku Ghuba mwambie awakatie wazazi wake bima sasa hivi wakiwa wazima, ndo msaada wa bei rahisi kuliko wote.

Akifika hospitali ya serikali, kabla ya kuanza kulipa lipa madirishani, aulize "samajik sewa ekai" iko wapi. Hao ndo ustawi wa jamii wao. Kwenye hospitali kubwa wana dawati kabisa, wanakuhoji, wanaangalia barua, wanaandika punguzo au msamaha kwenye karatasi za vipimo na dawa. Walengwa wao ni maskini, wenye ulemavu, wazee, waliotelekezwa, waliofanyiwa ukatili wa kijinsia na kadhalika. Barua ya kata inasaidia sana hapo, lakini hata ambaye hana ajieleze, wapo wanaokubali baada ya mahojiano, hasa mtu aliyeokotwa au aliyeletwa na ajali.

Kathmandu sio jibu la kila kitu

Watu wanasikia Bir, hospitali kongwe ya 1889, au ile ya chuo kikuu pale Maharajgunj, wanakimbilia huko wote. Foleni ya kadi inaanza alfajiri na mtu anaweza kulala kwenye korido. Kumbe ugonjwa wake una kwake, mahali ambapo matibabu, kitanda, chakula na mazoezi viko kwenye geti moja. Hivi ndo vya kutafuta kwanza.

Uti wa mgongo: kituo cha Spinal Injury Rehabilitation Centre, kipo Sanga, wilaya ya Kavre, mashariki ya Kathmandu kwenye barabara ya Arniko. Kilizinduliwa 2002 na Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest wa kwanza na Tenzing, na mmoja wa waanzilishi ni mwandishi wa habari Kanak Mani Dixit ambaye mwenyewe aliumia mgongo kwa kuanguka akitembea milimani. Tetemeko la Aprili 2015 lilipoua karibu watu 9,000 kituo kilifurika majeruhi. Operesheni kwa kawaida inafanyika hospitali nyingine, pale mgonjwa anakwenda akishatulia kwa ajili ya mafunzo na mazoezi. Gharama zinaangalia uwezo, asiye na kitu anaombewa fungu la hisani, kwa hiyo daktari aliyempasua aandike rufaa mapema, mgonjwa akiwa bado wodini, sio siku ya kuruhusiwa.

Watoto wenye ulemavu wa viungo: HRDC (Hospital and Rehabilitation Centre for Disabled Children), Banepa, hukohuko Kavre. Hospitali hii ilianza 1985, jina la Dokta Ashok Banskota ndo linaendana nayo, na watoto wengi wanaotibiwa pale ni wa familia maskini wanaolipa kidogo au hawalipi. Miguu iliyopinda, mtindio wa ubongo, mifupa iliyooza kwa maambukizi, makovu ya moto. Anayeijua CCBRT ya Dar atapata picha haraka. Wana na timu zinazozunguka wilayani kufanya kambi, hivyo kabla ya kumbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani aulize kituo cha afya kambi inapita lini.

Ukoma: Anandaban, kusini ya Kathmandu, na Green Pastures ya Pokhara, zote za 1957, na Lalgadh kule Dhanusha kwa watu wa tambarare. Dawa za ukoma ni bure dunia nzima toka 1995. Green Pastures siku hizi imepanuka, inapokea uti wa mgongo, kiharusi, waliokatwa miguu wanaohitaji mguu bandia, na ina huduma ya wagonjwa ambao hawatapona. Kwa mtu wa magharibi, Pokhara ni karibu zaidi kuliko Kathmandu, hiyo tu inaokoa hela.

Walioungua: hospitali ya Kirtipur ina kitengo cha moto na midomo sungura, na pale Sankhu kuna Sushma Koirala Memorial kwa ajili ya kurekebisha makovu yaliyokunja mikono na shingo. Macho ni hospitali ya Tilganga, ya Dokta Sanduk Ruit, toka 1994, mtoto wa jicho kwa maskini anatolewa bure na kambi zao zinafika milimani. Saratani asisahau hospitali ya B.P. Koirala Memorial iliyopo Bharatpur, Chitwan, sio lazima Kathmandu. Watoto ni hospitali ya Kanti, moyo ni hospitali ya Gangalal. Mtoto mwenye utapiamlo mkali kuna nyumba za lishe ambazo shirika la Nepal Youth Foundation lilianza kuzifungua 1998, mtoto analazwa na mama yake, wote wanalishwa, na mama anafundishwa kupika kwa vyakula vya kwao. Napenda sana walivyofikiria hizo nyumba, mana huwezi kumtibu mtoto wa miaka miwili huku mama yake kalala njaa kwenye korido.

Pa kulala, sasa tuongee vizuri

Nepal hospitali nyingi zinategemea ndugu kwa kila kitu. Yeye ndo anakimbia famasi na karatasi ya dawa, anapeleka sampuli maabara, anahangaika na damu benki ya damu, anamgeuza mgonjwa usiku. Anaitwa kuruwa, na wodini anaruhusiwa mmoja tu, usiku anatandika chini ya kitanda. Wakija watatu, wawili wanalala nje. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huo, aje mmoja mwenye nguvu na anayejua kusoma, wa pili abaki nyumbani akusanye karatasi na kuangalia watoto, wabadilishane baadaye.

Mgonjwa akilazwa shida ni ya anayeuguza tu. Shida kubwa inaanza mgonjwa akiambiwa "nenda nyumbani, rudi kila siku" au "rudi baada ya wiki". Nyumbani ni siku mbili. Hapo kuna njia kadhaa, na zijaribiwe kwa mpangilio huu.

Aanze kuuliza hospitali yenyewe kama ina nyumba ya wanaouguza au dharmashala. Dharmashala asili yake ni nyumba za mahujaji, lakini kuna zilizojengwa kwa ajili ya wagonjwa, nyingine bure nyingine kwa rupia kidogo tu. Unapata kitanda au mkeka, maji, na jiko la kupikia, chakula mnajipikia. Asiulize mlinzi getini, aulize ustawi wa jamii au sista mkuu wa wodi, mana vitanda vinagawiwa kwa kikaratasi kutoka kwao na mlinzi atakwambia pamejaa.

Alafu kuna mashirika madogo ya hisani yanayopanga nyumba mjini kwa ajili ya wagonjwa maskini wa mikoani, wanakupa kitanda, wali na dengu mara mbili kwa siku, wengine na gari la kwenda hospitali na mtu wa kukusaidia madirishani. Hizi huwa zina masharti yanayofanana: barua ya kata, rufaa au kadi ya hospitali inayoonyesha tarehe ya kurudi, ndugu mmoja tu, pombe marufuku, na ukimaliza matibabu unaondoka mwingine aingie. Nafasi ni chache, kwa hiyo apige simu kabla hajatoka kijijini, na akipiga aseme mambo manne harakaharaka, ugonjwa, hospitali, wanakuja wangapi, watakaa muda gani. Anayesema tu "tusaidieni sisi maskini" anachelewa kueleweka. Akiwa anaongea nao amwite mtu dai (kaka) au didi (dada), hata wewe ukipiga kwa Kiingereza chako cha saiti anza na hilo neno, sauti ya upande wa pili inalainika.

Njia ya tatu ni watu wa nyumbani. Wanepali wana vyama vya watu wa wilaya moja waishio Kathmandu, kama sisi tulivyo na vyama vya kuzikana, na wa Karnali wanajuana. Mtu wa kwao mwenye chumba cha ziada ni bora kuliko lodge. Ila aende na mchele wake, asimchoshe mwenyeji.

Kuna wale ambao hawana ndugu kabisa, wazee waliotelekezwa au watu wenye matatizo ya akili waliookotwa barabarani. Hao njia yao ni tofauti, polisi au kata inawapeleka kwenye ashram, yani nyumba ya kulea wasio na kwao, na iliyo maarufu ni Manav Sewa Ashram, iliyoanzia Hetauda 2012 na sasa ina matawi sehemu nyingi. Mwenye ulemavu mkubwa asiye na pa kwenda anaweza kuulizia kituo cha Khagendra kilichopo Jorpati. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa aombe kitengo cha OCMC, yani cha waliofanyiwa ukatili, kwenye hospitali ya wilaya, kina daktari, mshauri na msaada wa kisheria na polisi sehemu moja, na wao ndo wanamtafutia nyumba salama.

Vitu vya kubeba watu wanasahau: blanketi, mana hata Kathmandu Desemba na Januari usiku ni baridi kali na kwenye sakafu ya korido utajuta. Sufuria ndogo, sahani na kikombe. Tochi. Chaja. Daftari la kuandika majina ya dawa na jina la daktari. Risiti zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, hata za dawa za rupia kumi, kuna fidia na mifuko inaomba risiti halisi.

Mazoezi sio hisani ya ziada, ndo matibabu yenyewe

Nimeona watu wakisherehekea operesheni imeisha salama wakamrudisha mgonjwa kijijini, baada ya muda mfupi mgongoni ana shimo. Mtu aliyepooza chini hasikii maumivu, kwa hiyo anayemuuguza ajifunze mambo haya kabla hawajaondoka kituoni, na asikubali kuruhusiwa mpaka ayafanye mwenyewe mbele ya muuguzi.

Kumgeuza kila masaa mawili akiwa kitandani, mchana na usiku, ndo dawa ya vidonda vya kulalia. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono au ainame mbele kila baada ya muda mfupi, nusu saa isipite, na kiti kiwe na mto wake maalumu, mto ni muhimu kuliko kiti chenyewe, watu wanachangia kiti kizuri cha kung'aa alafu mgonjwa anakalia kitambaa kitupu. Kila jioni kumkagua ngozi, makalio, nyonga, visigino, kwa kioo kidogo kama yuko peke yake. Ukiona wekundu ambao hautoki, hapo pasikaliwe kabisa mpaka uishe. Mkojo afundishwe kutoa kwa mpira safi kwa ratiba, maana figo za watu hawa zinaharibika kimyakimya kwa maambukizi. Na choo pia kina ratiba yake, asione aibu kuuliza.

Kiharusi mazoezi yanaanza siku za mwanzo hali ikishatulia, sio "apate nguvu kwanza". Aliyekatwa mguu afundishwe kufunga bandeji ya kigutu mapema, kigutu kikivimba mguu bandia hauingii. Mtoto wa mguu kifundo, kwa njia ya Ponseti, anafungwa plasta kama tano mpaka saba, kila wiki moja, alafu mara nyingi anakatwa kidogo kano ya kisigino, alafu anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma masaa 23 kwa siku miezi mitatu, baada ya hapo usiku tu mpaka ana miaka minne au mitano. Hapo kwenye viatu ndo panapoharibika. Mguu umeshanyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvueni, mwaka haujaisha mguu umerudi vilevile. Ukiwa na rafiki mwenye mtoto huyu mwulize viatu, usimwulize plasta.

Kurudi nyumbani kunahitaji maandalizi. Nyumba nyingi za milimani zina ngazi, choo kiko nje chini ya mteremko, barabara hamna. Wataalamu wa kituo watauliza picha za nyumba, awapigie picha kwa simu kila sehemu, kizingiti, mlango wa choo, kisima. Mara nyingine marekebisho ni ya siku mbili tu za fundi wa kijijini, ubao wa kupitia, choo cha kukalia, kitanda kilichopunguzwa miguu. Alafu arudi kata kuomba kadi ya ulemavu. Ziko za rangi nne, nyekundu ndo ya ulemavu mkubwa kabisa, inafuata bluu, njano, nyeupe. Nyekundu na bluu zina posho ya kila mwezi, na zote zinasaidia punguzo kwenye usafiri. Wanaopima wanaangalia mtu anaweza kufanya nini, kwa hiyo siku hiyo asijikaze kuonekana shujaa.

Kama kaumia hukuhuku Ghuba

Hii ni muhimu kwake na kwetu pia. Asipande ndege kabla hajapata mafaili ya hospitali, picha za eksirei na CD yake, na ripoti ya ajali kazini. Qatar kwa mfano sheria inamtaka mwajiri amtibu aliyeumia kazini na alipe fidia ya ulemavu wa kudumu, akishaondoka bila karatasi kudai ni kazi ngumu mno. Apige picha kila karatasi aitume kwa ndugu na kwako wewe.

Akifika kwao kuna Bodi ya Ajira za Nje, ina mfuko wa ustawi ambao kila mfanyakazi aliyetoka na kibali halali cha kazi alishauchangia wakati wa kuondoka, wengi hata hawakumbuki. Unasaidia aliyeumia au kuugua sana na familia ya aliyefariki. Watataka pasipoti, kibali cha kazi, ripoti za hospitali. Una ukomo wa muda kuanzia mkataba unapoisha, asikae nyumbani akisubiri apone kwanza. Dada waliorudi wakiwa wagonjwa, wameumizwa au na mimba wasiyoweza kwenda nayo nyumbani, waulizie Pourakhi, shirika lililoanzishwa 2003 na wanawake wenyewe waliowahi kufanya kazi nje, lina nyumba ya kuwapokea Kathmandu.

Wa kuwaogopa

Nje ya hospitali kubwa kuna madalali. Anakuja mtu mpole, anaongea lugha ya kwenu, anasema hapa utasubiri wiki, twende hospitali ya binafsi namjua daktari, bei ya maskini. Mwisho wake ni bili. Mwingine anapiga picha ya mgonjwa anaahidi kuichangishia mtandaoni, na namba ya benki ni ya kwake. Kama kuna kuchangisha, akaunti iwe ya mgonjwa au ya hospitali yenyewe.

Na wabaya kabisa ni wale wanaojitolea kukulipia chumba na vipimo vya damu bila sababu, wakianza kuzungumzia safari ya India ukimbie. Kavre, wilaya hiyohiyo yenye vituo vizuri nilivyovitaja, ina kijiji cha Hokse ambacho kilijulikana duniani kwa wakulima waliorubuniwa kuuza figo.

Mchango wenu uende wapi

Kama mmekusanya hela, msitume zote siku ya kwanza. Tumeni nauli na ya wiki mbili za chakula, nyingine mbaki nazo hadi ustawi wa jamii waseme nini kinafunikwa na nini hakifunikwi. Kwa kawaida kisichofunikwa ni chakula cha anayeuguza, nauli za kurudi kliniki, dawa ambazo famasi ya hospitali imeishiwa, mto wa kiti, pampasi za watu wazima, na vocha ya simu. Tumeni kwa anayeuguza, sio kwa mjomba aliyepo mjini, na mwombeni picha ya risiti bila kuona haya, Wanepali wenyewe wanafanya hivyohivyo wakichangishana. Na kama kazini kwenu kuna wengi wa wilaya moja, wekeni kidogokidogo kila mwezi kwa ajili ya chumba kimoja karibu na hospitali wanayoitumia sana, mkataba wa mwaka mzima bei yake ni nafuu kuliko lodge ya kila siku na akitoka huyu anaingia mwingine.